Bima Yangu Inaanzia Shingoni

Katika safu ya Ijumaa iliyopita mliniacha nimejifungia chooni kiwandani, nimeikalia mikono yangu mwenyewe ili isitetemeke, na msimamizi anagonga mlango akiuliza kama nimekufa au nimelala.

Sikuwa nimekufa. Kulala ndiko kulikonishinda.

Kwa anayeanza kunisoma leo, habari ni hii. Mimi ni mkata vitambaa katika kiwanda cha sare. Tunatandika kitambaa mezani matabaka arobaini, tunachora kwa chaki, kisha tunasukuma mashine ya kukatia, ambayo wembe wake umesimama wima na haumjui mtu. Wenzangu wananiita Kamusi, kwa sababu siwezi kuona tangazo ukutani lina kosa nikapita kimya. Mwenzangu wa meza wanamwita Cherehani. Akianza kuongea hana breki, na akicheka anasikika mpaka stoo.

Siku moja asubuhi nilikuwa namsimulia Cherehani kichekesho. Akacheka, akanigeukia. Mkono wake ukaendelea kusukuma mashine.

Vidole vitatu.

Mshtuko ulimfutia asubuhi nzima. Hakumbuki kichekesho, hakumbuki kunigeukia. Ripoti ya kiwanda iliandika: uzembe wa mfanyakazi, aliondoa macho kwenye wembe. Na mimi, shahidi pekee, nilipoulizwa nilisema nilikuwa nimeinama, sikuona kitu.

Nyinyi nimeshawaungamia. Yeye bado.

Tangu hapo nikiisikia mashine ikiwashwa, kifua kinabana na mikono inacheza ngoma yake. Ndiyo maana walinzi sitini wa benki moja walipelekewa mashati yenye mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Nilipotoka chooni siku ile, msimamizi alikuwa bado yupo mlangoni.

"Kamusi, ukiharibu jora moja zaidi, kesho yake usije."

"Naumwa, bosi."

"Katibiwe. Si una bima?"

Kweli, nilikuwa na bima. Miaka minne wananikata kwenye mshahara na sijawahi kuumwa hata kucha. Nikawapigia simu. Sauti ya kurekodiwa ikaniambia nibonyeze moja, kisha tatu, kisha nisubiri, kisha nibonyeze moja tena. Mwisho akapokea dada mwenye sauti laini kama sabuni ya kuogea.

"Dada yangu, mkataba wako ni mzuri sana," akasema. "Unaanzia shingoni."

"Unaanzia shingoni kwenda wapi?"

"Kwenda chini."

"Na juu?"

"Juu kuna macho na meno, hayo ni kwa nyongeza. Kilichomo ndani ya fuvu tunalipia kikipasuka."

"Kikipasuka vipi?"

"Yaani ukigongwa, au ukiangukiwa na kitu. Lazima kiwe kimeumizwa na kitu kinachoonekana."

"Nikijigonga ukutani je?"

"Hapo utakuwa umefanya makusudi. Hatulipii. Kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

Nikaenda hospitali ya serikali, idara ya afya ya akili. Dirishani palikuwa na mzee ana daftari nene, anafunua kurasa kwa kidole alicholowesha kwa ulimi.

"Nafasi ya karibu ni baada ya miezi minane."

"Baba, nikizidiwa kabla ya hapo?"

"Ukizidiwa unakuja dharura, hupangi foleni."

"Nitajuaje kwamba nimezidiwa?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe hutajua, mwanangu. Utaletwa."

Nikamtafuta mshauri wa kulipia. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na maua ambayo nilipoyagusa nikagundua ni ya plastiki. Msichana wa mapokezi akaniambia bei ya saa moja. Ilikuwa nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nikamwomba arudie, nikidhani ametaja namba ya simu.

"Lakini tuna punguzo," akanitia moyo. "Ukilipia vikao kumi kwa mpigo."

"Mdogo wangu, ningekuwa na pesa ya vikao kumi, nusu ya ugonjwa wangu ungekuwa umeshapona."

"Basi pole," akasema, na akanipa pipi kutoka kwenye bakuli. Pipi ilikuwa bure.

Kulikuwa pia na namba ya msaada, haina malipo, wameibandika kwenye kila nguzo ya umeme. Nikaipiga siku tatu mfululizo. Sauti ya mwanamume ikawa inaniambia: "Wewe ni mtu wa thamani. Wote wanaohudumu wako kwenye simu nyingine." Siku ya tatu nikaanza kumjibu. Shangazi yangu, ambaye ndiye ninayeishi naye, akanikuta jikoni namwambia asante.

"Unaongea na nani?"

"Na mtu aliyerekodiwa, shangazi."

Shangazi ana tiba tatu kwa maradhi yote ya dunia: maji ya moto, maji ya baridi, na kuolewa. Ile siku alizitaja zote.

Aliyeniokoa ni mama mmoja nisiyemjua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati inayopokea kadi yetu ya bima, nikitafuta la kumwambia daktari ambalo liko chini ya shingo. Mama huyo alikuwa anafuma kofia ya mtoto. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Unaumwa nini?"

"Silali. Nasikia kama mtu amenikalia kifuani. Nafikiri ni mawazo."

"Wee! Punguza sauti!" Akatazama kulia na kushoto. "Hapa hakuna mwenye mawazo. Hapa tunaumwa mgongo."

"Mgongo wangu ni mzima, mama."

"Na wangu pia ni mzima. Unamwona yule mwenye mtandio wa kijani? Mgongo wake ulianza siku mume alipohamia kwa mwingine. Yule mnene pale amefiwa na mama yake. Wangu mimi una miaka miwili, tangu mtoto alipoacha kunipigia simu. Ingia kwa daktari, shika kiuno, useme inachoma hapa ikishuka mpaka mguuni. Usisahau mguu. Mguu ndio unaowafanya wasaini. Halafu atakuandikia uende kwa Mama Viganja."

Nikaingia. Nikashika kiuno. Daktari hata hakuinua kichwa.

"Inashuka mpaka mguuni?"

"Inashuka, daktari."

Akasaini.

Mama Viganja ni mtaalamu wa viungo. Chumba chake kiko nyuma ya zahanati, kina vitanda viwili na pazia katikati. Kitanda cha mgongo kina tundu upande wa kichwani, unalala kifudifudi unaingiza uso humo, unabaki unatazama sakafu. Chini ya tundu, sakafuni, ameweka taulo lililokunjwa. Siku ya kwanza nilidhani ni la kupangusia miguu. Dakika tano baadaye nikajua kazi yake. Analibadilisha kila mgonjwa anapoondoka, na pembeni ana ndoo imejaa mataulo mabichi.

Haulizi mengi. Anakukanda mabegani kwa viganja vipana kama vibao vya kukatia mkate, anasema "Hapa?" na wewe unasema "Hapo." Kisha ananyamaza muda mrefu mpaka unaona aibu ya ukimya, unaanza kuropoka. Mimi nilianza na msimamizi. Kikao cha pili nikasema habari za shangazi. Cha tatu nikaeleza jinsi mashine inavyolia ikiwashwa. Yeye anajibu "mm" tu. Hujawahi kusikia "mm" yenye akili kama ile.

Akimaliza anaandika kwenye kadi: misuli imelegea kidogo, mgonjwa aendelee.

Usiku wa kikao cha nne nililala saa tano mfululizo bila kushtuka. Cha sita nikakata aproni za manesi mia mbili, zote zimenyooka, msimamizi akazipima kwa utepe akitafuta kosa hadi akachoka. Bima ilikuwa inalipa bila kukohoa. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini watu wanauita mgongo nguzo ya mwili.

Lakini lile lenyewe sikulisema. Nililizunguka, nikapita karibu yake, nikarudi. Na kila siku mchana, Cherehani alikuwa ananisubiri kwenye kantini.

Baada ya ajali walimhamishia ofisi ya wafanyakazi, kazi yake kugonga mihuri kwa mkono uliobaki mzima. Fomu zote za matibabu zinapitia kwake. Anakaa mbele yangu, anachezea kijiko, na swali lake ni lile lile.

"Hivi Kamusi, nilikuwa nageukia nini siku ile?"

"Nilikuwa nimeinama, mwenzangu."

"Miaka kumi na moja sijawahi kuondoa macho kwenye wembe. Kumi na moja! Halafu siku moja tu nageuka kama mtoto aliyeitiwa pipi. Nilikuwa nawaza nini?"

"Sijui."

"Labda kweli mimi ni mzembe."

Hakuwa anacheka tena, huyo mtu wa kusikika mpaka stoo. Na mimi narudi mezani, nakata vitambaa kwa mikono iliyotulia, kwa hisani ya mgongo nisioumwa.

Baada ya kikao cha nane ikaja barua.

"Mteja wetu mpendwa," ilisema. "Tumepitia vikao vyako vinane na kubaini kwamba mgongo wako haujapona. Kwa hiyo tumesitisha vikao. Tunayo furaha kukuarifu kwamba umeidhinishiwa upasuaji wa uti wa mgongo, ambao tutaugharamia kwa asilimia mia moja. Ripoti Jumatatu saa moja asubuhi, bila kula."

Nikasoma mara mbili. Nikatafuta kosa la Kiswahili angalau nipate pa kushikia. Hakuna. Iliandikwa vizuri kuliko barua zote za kiwanda chetu.

Nikapiga simu. Moja, tatu, subiri, moja.

"Hongera, dada yangu!" Ni yule yule wa sauti ya sabuni. "Wengi wanasubiri idhini hiyo mwaka mzima."

"Siutaki."

"Samahani?"

"Upasuaji siutaki. Nirudishieni vikao. Gharama ya kunipasua mgongo si ingetosha kumlipa mshauri asikilize kiwanda kizima mpaka tustaafu?"

"Mshauri hayumo kwenye mkataba, dada. Upasuaji umo. Ila kuukataa ni haki yako kabisa. Tutamwarifu tu mwajiri wako kwamba umekataa matibabu, na mgonjwa wa mgongo aliyekataa matibabu haruhusiwi kufanya kazi ya kusimama."

"Mimi kazi yangu yote ni ya kusimama!"

"Ndiyo, naona hapa."

"Na nikisema mgongo umepona?"

"Umepona lini? Kadi ya juzi inasema uendelee."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na nikisema... tuseme haukuwahi kuuma?"

Nikamsikia akivuta kiti.

"Hiyo, dada yangu, unabonyeza sita. Ni kitengo cha udanganyifu. Nikuunganishe?"

Nikakata simu haraka kama mtu aliyeshika pasi ya moto.

Fomu iliyokuja na barua ilitakiwa irudi kiwandani Ijumaa kabla ya saa kumi, nimesaini nakubali au nimesaini nakataa. Hapakuwa na kiboksi cha tatu. Nikiweka alama kwenye nakubali, Jumatatu nafunguliwa mgongo kama jora jipya. Nikiweka kwenye nakataa, sina kazi, na bila kazi sina hata hiyo bima ya kunidanganya. Asubuhi ya Ijumaa niliipeleka ofisini ikiwa tupu, kwa kuwa ni lazima igongwe muhuri wa kupokelewa kwanza. Cherehani hakuwa mezani kwake. Nikaiacha kwenye trei na kuomba ruhusa ya nusu siku, na mchana nikakimbilia kwa Mama Viganja.

Nilimkuta ananawa mikono. Pazia la kitanda cha pili lilikuwa limefungwa, lakini sikulitilia maanani. Upande ule ni wa mikono na magoti, wagonjwa wake hulowekwa kwenye maji ya moto na kusahauliwa.

"Mama, wanataka kunipasua."

Akaisoma barua akiwa ameiweka mbali na macho, midomo ikicheza.

"Siku hizi wamekuwa wakarimu," akasema. "Mwezi uliopita walimpa mwenye mtandio wa kijani nyonga ya chuma."

"Akaikubali?"

"Alikuwa ameshachoka kubishana. Sasa anachechemea, na mume bado yuko kwa mwingine." Akanirudishia barua. "Panda kitandani."

"Vikao wamevisitisha, mama. Hawatakulipa."

"Panda. Leo siandiki."

Nikalala, nikaingiza uso kwenye tundu. Taulo lilikuwa jipya. Viganja vikatua mabegani, vikakaa tu, havikukanda.

"Sikiliza, binti yangu," akasema. "Mgongo wako ni mzima kama ubao. Najua tangu siku ya kwanza. Vikao vinane nimekukanda nikisubiri useme kilichokuleta, na wewe umenipa habari za msimamizi, za shangazi, za mashati ya walinzi. Leo ndiyo ya mwisho. Ukishuka hapo hujasema, bora wakupasue tu, labda watakikuta huko ndani."

Nikacheka.

Nikasema.

Nililiambia taulo kila kitu. Nilisema kwamba ajali haikutokana na uzembe wa Cherehani, aliyemchekesha ni mimi. Kwamba nilijua ana wembe mkononi na bado nikaongeza chumvi, kwa sababu napenda anavyocheka, na kwa sababu napenda mtu anaposimama kunisikiliza. Kwamba nimemwangalia usoni kila siku mchana anajiita mzembe, na mimi natafuna. Kwamba nikisema ukweli nitampoteza, na nisiposema nimeshampoteza, ila nakaa naye meza moja.

Mama Viganja akanibonyeza bega mara moja.

Ndipo upande wa pili wa pazia mtu akasema:

"Mama, maji yangu yamepoa."

Ile sauti ningeitambua hata chini ya mashine kumi zinazowaka.

Nilijaribu kuinua kichwa kwa ghafla, masikio yakakwama kwenye tundu. Nikabaki nimetumbulia macho sakafu. Nikasikia maji yakimwagika kidogo, nikasikia ndara, kisha pete za pazia zikikwaruza chuma. Miguu miwili ikaja ikasimama kando ya taulo langu.

"Kliniki yangu ni ya Jumanne," Cherehani akasema. "Wameihamishia leo. Nikasema nikitoka hapa nikupitishie na fomu yako, nimeikuta kwenye trei haijasainiwa."

Nikajitoa kwenye tundu. Uso lazima ulikuwa na alama ya duara kama sufuria. Cherehani alikuwa ameshika fomu ya upasuaji kwa mkono wa ofisini. Ule mwingine, wenye vidole viwili, ulikuwa unadondosha maji.

"Cherehani, mwenzangu, mimi..."

"Nyamaza. Wiki zote hizi nakuuliza."

"Najua."

"Niliandika maelezo kwa mkono wangu wa kushoto, Kamusi. Kwa mkono nisioutumia! Niliandika: sikuwa makini. Wewe ukanisahihishia."

Ni kweli. Nilikuwa nimemsahihishia. Aliandika "makni", nikaongeza herufi.

Mama Viganja akachukua ndoo ya mataulo akaelekea mlangoni. Cherehani akamwambia, "Kaa, mama. Nataka shahidi ambaye hakuinama." Akakaa.

Cherehani akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akaitandaza fomu juu ya magoti yake.

"Hii nitajua cha kuifanya ukimaliza," akasema. "Haya. Nisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Kichekesho chenyewe. Nimetoa vidole vitatu, nataka nijue nilichekea nini."

"Siwezi."

"Siku ile uliweza."

Basi nikaanza, sauti kama ya mtu anayesoma hukumu. Nikasema siku moja tulikosa mtu wa kujaribishia sampuli ya gauni la nesi, na meneja akamlazimisha msimamizi alivae. Zipu ikakwama mgongoni. Wakati huo huo mnunuzi akaingia, yule mzee wa miwani minene, akamkuta msimamizi katikati ya ukumbi, ana masharubu yake na gauni limembana kifuani. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamsogelea taratibu...

Nikaishia hapo.

Pale ndipo alipogeuka. Kwenye neno lile lile, alinigeukia hajausikia mwisho, na mimi sijawahi kuusema mbele ya mtu tangu siku ile.

Nilimtazama usoni. Mdomo wake ulikuwa umekaza, lakini kwenye kona kulikuwa na kitu kinatikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio, na nafikiri hata yeye hakujua. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu, na fomu inatakiwa kabla ya saa kumi.

Akatoa kalamu, akaibonyeza juu ya fomu.

"Malizia," akasema.